Mwaka Walioningoja Nitaje Jina

Tarehe kumi na tisa, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa 1985, mume wangu Matiasi alikufa Kalemie, asubuhi, juu ya kitanda chetu, katika kampi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Siku hiyo nilipoteza na kitu kingine, ambacho hakuna aliyekuja kukililia: neno langu. Tangu hapo, niliposema ndiyo au hapana mbele ya ukoo wa mume wangu, ilikuwa kama mtu amekohoa. Walingoja nimalize kukohoa, kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Nisingeandika habari hizi kama Papa Silivesta, kaka mkubwa wa Matiasi, asingefariki mwaka jana. Nilikwenda kwenye kilio chake. Wapo waliouliza nimefuata nini. Kilio huendwa, basi nilikwenda. Nilikaa nyuma ya jikoni pamoja na wamama waliokuwa wakichambua sombe, majani ya mihogo, kwa sababu huko huulizwi sana. Akaja binti wa marehemu, Beatrisi, akavuta kigoda akakaa karibu nami. Alikuwa mtoto mdogo mwaka ule ninaousimulia. Sasa ni mama mtu mzima, anafanya kazi katika maabara ya hospitali moja Lubumbashi, anapima damu. Alichambua majani machache, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama mudogo, ule ugonjwa wa papa mudogo Matiasi, mimi nauona kazini. Wagonjwa wake wanakuja kwetu. Wenye bahati ya kupata vidonge wanakunywa, wanarudi kazini kwao." Nilimwuliza arudie. Akarudia. Wanarudi kazini kwao. Niliendelea kuchambua sombe, lakini sikuona tena ni majani gani mazuri na yapi yameoza, mpaka mwenzangu mmoja akaninyang'anya kikapu.

Chumba chetu cha kampi kilikuwa kimoja, na baraza ndogo mbele. Ukuta ulipakwa rangi ya buluu mpaka usawa wa bega, juu yake chokaa. Vumbi la pamba lilikuwa kila mahali, juu ya chandarua, ndani ya chumvi, katika nyusi za Matiasi anaporudi zamu. Yeye alikuwa mfumaji. Mimi nilikuwa upande wa kukagua: kitambaa kinapita mbele yako juu ya meza iliyoinama, nawe unatafuta kasoro kwa macho na kwa vidole. Ndivyo tulivyojuana, nilimrudishia kitambaa chake kibovu, akaja kunigombeza, akakaa. Mwanzo wa mwaka ule niliona anakula matonge mawili ya bukari, ugali wetu wa mihogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, kidogo tu, halafu anasukuma sahani. "Nimeshiba." Siku ya kwanza niliondoa sahani. Baadaye nikamwuliza, "Umekula kwa nani?" Maana mwanaume anayeshiba kabla ya kula, mke wake anajua pa kufikiria. Akacheka. "Nimekula hewa ya mashine, mama. Inajaza sana." Kwa hiyo ukitaka kujua nani alianza kumshuku mwenzake katika nyumba ile, ni mimi. Sikujua kwamba bandama yake ilikuwa imevimba hata inaminya tumbo, na bukari haikuwa na mahali pa kukaa.

Halafu mshipi ukakataa kufunga, huku mikono na shingo vinazidi kukonda. Ukimgusa upande wa kushoto, chini ya mbavu, ilikuwa kama ameficha jiwe la kusagia. Usingizini alitoka jasho hadi godoro likalowa. Kiwandani walimtania, kwa sababu wanaume wakiogopa kitu hukitania kwanza. "Papa Matiasi, utajifungua lini? Sema mapema tupange likizo." Naye akijibu, "Wewe ndiye baba yake, lete nepi." Jioni, ukutani kwa jirani, nilisikia mazungumzo mengine yasiyo na kicheko. Mke wa jirani alikuwa anakaanga kitu, mafuta yanalia, akasema, "Mwanaume kuvimba hivi, mimi nilishaona kwetu. Si ugonjwa wa malaria ule. Angaliapo muke wake." Mume wake akamwambia anyamaze, ukuta ni mwembamba. Akajibu, "Acha asikie."

Mimi ni mtu wa kanisa na Matiasi pia, lakini kanisa halikufuta vyote. Katika ukoo wao iliaminiwa hivi: mwanamke akitembea na mwanaume mwingine, halafu akarudi kumpikia mume wake katika chungu kile kile, mume huvimba. Dawa yake ni moja. Mke ataje jina la yule mwanaume mbele ya wakubwa, chungu kivunjwe, mgonjwa anywe dawa, apone. Na kabla jina halijatajwa, mgonjwa haruhusiwi kusafirishwa. Akivuka mto na mwiko ule ndani ya tumbo, atafia njiani, na aliyemsafirisha atakuwa ndiye aliyemuua. Haikuwa hadithi ya wajinga. Papa Silivesta alikuwa karani wa bandari, alisoma magazeti ya Kifaransa, alivaa miwani. Aliamini.

Kwanza walimleta mganga akamchanja chale juu ya bandama, akapaka majivu. Chale zile hazikukauka vizuri, zilitoa damu hadi nikabadilisha shuka. Damu ile ndiyo iliyonifanya nimpeleke Matiasi hospitali bila kumwuliza mtu. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimchoma kidole, akaenda mwenyewe kuangalia kwenye darubini, akakawia. Aliporudi alizungumza na sisi wote wawili, jambo ambalo sijalisahau, kwa sababu wengi huzungumza na mwanaume tu. Alisema katika damu kuna chembe nyekundu na chembe nyeupe. Zile nyeupe ni askari. Katika damu ya Matiasi zimezaana kupita kiasi, zimejaa bandama, zimejaa mifupa. Ugonjwa huo unaitwa leusemi, ni aina ya kansa. Hapa Kalemie hana dawa yake. Lubumbashi kuna vidonge vya kuzipunguza. "Sisemi vitamponyesha," alisema. "Vinaweza kumpa muda. Pandeni treni, musikawie."

Niliporudi nilimweleza Papa Silivesta maneno ya daktari kama yalivyo, sikuongeza, sikupunguza. Mpaka leo sijui kama ningefanya vizuri zaidi kuyapunguza. Alikuwa amekaa barazani kwake, mama mkwe wangu karibu naye anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kwa hiyo daktari amesema nyeupe imeingia katika damu ya mudogo wangu na inazaana."

"Amesema chembe nyeupe. Kila muntu anazo. Zake zimezidi."

"Zimezidi. Nyeupe." Akamgeukia mama yake. "Mama, umesikia? Hata mashine ya wazungu imeona. Nyeupe ya mwanaume mwingine imeingia ndani ya mutoto wako."

Mama mkwe aliacha kupepeta. Nilisema hapana, si hivyo, daktari hakusema hivyo. Papa Silivesta hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa afadhali. "Shemeji, mimi sikuchukii. Taja jina tu. Leo ukitaja, kesho kutwa yuko kwenye treni, mimi mwenyewe nitamusindikiza mpaka Lubumbashi. Hakuna atakayekupiga."

"Jina haliko."

"Basi tutangoja."

Wakangoja. Ndiyo kazi iliyofanywa mwaka ule, na watu wazima wenye akili waliifanya kwa bidii. Walikuja Jumapili baada ya misa, wakaketi barazani kwetu, shangazi, wajomba, mara nyingine katekista, na mimi nikawapikia. Walikula chakula kilichotoka katika chungu changu, wakafuta midomo, wakaniuliza jina. Shangazi mmoja alizoea kunibembeleza kama unavyombembeleza mtoto anywe kwinini. "Mama Onorina, sisi wote wanawake. Mwili ni mwili. Labda ilikuwa mara moja tu, ukasahau?" Nikamwambia, "Shangazi, wewe ungesahau?" Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akasema, "Basi taja." Matiasi alikuwa ndani, mlango wazi, anasikia kila neno. Sikuweza kumpakia katika treni peke yangu. Hakuweza tena kutembea mpaka stesheni, na hakukuwa na mwanaume katika ukoo ambaye angembeba bila ruhusa ya kaka yake. Wa kwetu walikuwa mbali, huko Moba, na walipoleta habari walisema mambo ya nyumba ya mume yaishie kwa mume. Nilimfuata padri. Alizungumza na Papa Silivesta, akamwita mpagani, na Papa Silivesta akaacha kwenda misa. Huo ndio msaada tuliopata.

Nilikuwa na rafiki, Mama Jozefina, tulikaa meza moja ya kukagua. Mcheshi, mdomo haufungwi. Siku moja kitambaa kinapita mbele yetu akaniinamia. "Weye mujinga. Taja mufu!"

"Nani?"

"Mufu yeyote. Yule fundi wa umeme wa kule Bendera aliyekufa mwaka juzi. Alikuwa muzuri, wataamini. Nani atakwenda kumuuliza kaburini? Chungu kinavunjwa, treni inalia, Matiasi anakunywa vidonge. Mungu atakuelewa, Mungu si Silivesta."

Nilicheka, na ilikuwa ni mara ya kwanza kwa siku nyingi. Kisha sikulala. Nilimfahamu yule fundi, na nilimfahamu mjane wake; aliuza mihogo sokoni, watoto wake walikuwa wanakua. Nikaona nimesimama mbele ya wakubwa nikisema jina la mume wake, na jioni hiyo hiyo habari inafika kwenye meza yake ya mihogo. Sikuweza. Watu wamenisifu kwa hilo baadaye, wachache, na sifa hizo hazinipendezi. Mtu aliyekuwa anakufa si wao, alikuwa Matiasi, na mimi niliweka ukweli wangu na mjane wa mtu mwingine upande mmoja wa mizani. Sijui mpaka leo kama mizani ile niliishika sawasawa.

Beatrisi alinieleza ugonjwa wenyewe pale nyuma ya jikoni, na nilimwomba anieleze polepole, kwa sababu shule yangu ni ya msingi tu. Alisema ndani ya kila seli ya mwili kuna protini nyingi, na protini hizi huongea kwa kushikana. Baadhi zina sehemu iliyojikunja kama kiganja, na kila kiganja kinajua kitu kimoja tu cha kushika. Habari inafika mlangoni mwa seli, huyu anamshika yule, yule anamshika wa tatu, mpaka habari inafika katikati: gawanyika, au tulia. Akanionyesha kwa mikono yake. Alijishika kifundo cha mkono kwa mkono wa pili, akakibana mgongoni. "Kuna protini moja inakaa hivi, Mama mudogo. Viganja vyake inavitumia kujifunga yenyewe, itulie. Ikihitajika inajifungua, inasema neno lake, inajifunga tena. Sasa kwa wagonjwa hawa, katika seli moja tu ya mifupani, maandishi ya kutengeneza protini hii yanakatika na kuungwa na maandishi mengine yasiyohusika. Inayozaliwa haina kifungo. Iko macho siku zote. Wenzake wanakuja kuishika kwa viganja vyao, wanapokea habari, wanaipeleka: gawanyika, gawanyika. Seli ile inazaa mbili, mbili zinazaa nne."

"Na habari hiyo imetumwa na nani?"

"Hakuna. Huo njo ugonjwa wenyewe. Habari inapita na hakuna aliyeituma."

Hapo nilielewa, na nilielewa kwa kiwanda. Mashine ya kufuma ina vipande vyembamba vya chuma, kila kimoja kinaning'inia juu ya uzi wake. Uzi ukikatika, chuma kinaanguka, mashine inasimama. Wafumaji wengine, wakitaka kitambaa kitoke kingi, walikuwa wanapachika karatasi hapo ili vyuma visianguke. Mashine inaendelea kupiga, uzi umekatika, hakuna anayesimama, na kinachotoka ni kitambaa kweli, kingi, kina mistari mitupu kama meno yaliyong'oka. Mezani kwetu tulikijua tukikigusa tu. Nikamwambia Beatrisi. Akasema ndiyo, ni karibu na hivyo, isipokuwa kwamba hapa hakuna mfumaji aliyepachika karatasi. Haikurithiwa, haikuambukizwa, haikutoka katika chungu. Vidonge vya sasa, alisema, vinaingia katika mdomo wa protini ile na kuuziba. Vile vya Lubumbashi vya wakati ule havikujua kuziba mdomo. Viliua seli tu, nzuri na mbaya. "Vingeshusha bandama. Angekula. Labda miaka michache, Mama mudogo. Siwezi kukudanganya." Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Ningependelea aseme vidonge visingesaidia kitu. Basi ningeweza kuwasamehe. Miaka michache ni mingi. Ningepika kwa miaka michache.

Nilimwuliza kama baba yake alipata kuyasikia maneno haya. Alitazama mikono yake. Alisema alimweleza, alipomaliza masomo, akamchorea kwenye karatasi. Mzee alifuata mchoro wote kwa kidole, akauliza maswali mazuri, kisha akavua miwani akasema, "Nimekubali. Protini njo imemuua. Sasa nionyeshe aliyemutuma huyo protini."

Mwezi wa kumi mvua zilianza. Matiasi alikuwa amebaki macho na tumbo. Nilimkalisha barazani mchana, mgongo wake kifuani pangu, kwa sababu akilala chali hakupumua vizuri, na tulitazama watu wa zamu wakiingia na kutoka. Siku moja watu wamekwisha pita, bila kunigeukia, alisema, "Onorina."

"Abee."

"Kama jina liko, litaje tu. Mimi sitakasirika. Nimekwisha kusamehe."

Katika maneno yote niliyoambiwa mwaka ule, na yalikuwa mengi, hayo ndiyo yaliyoingia. Wengine waliniuliza kwa hasira au kwa ujanja. Yeye aliniuliza kwa upole, akiwa ameniegemea kwa uzito wake wote, na upole wake ulikuwa na maana kwamba kwa siku nyingi, huku nikimwosha na kumlisha, alikuwa amelala na swali hilo na kujibu mwenyewe. Nilimwambia, "Matiasi, jina haliko." Akatikisa kichwa kidogo. Sikujua kama anakubali au anachoka. Hakuuliza tena. Nilitamani aulize tena, nipate kuapa, nilie, nimtikise. Hakuuliza, akafa mwezi uliofuata, na sijui alikwenda akiamini nini.

Alipozikwa nilikaa kilioni na kitambaa cheusi kichwani, miguu bila viatu, kama inavyotakiwa. Baada ya majuma kadhaa ilifika siku ya kutosha kilio, yaani kuondoa matanga. Siku hiyo wakwe humwosha mjane, humpaka mafuta, humvalisha nguo mpya, na kwa hivyo wanawaambia watu: huyu hana deni kwetu, aende sokoni, aende kazini, akipenda aolewe. Asipooshwa, hubaki ameandikwa kifo, na watu humpisha njiani. Papa Silivesta aliagiza beseni, na wamama wakalichukua kutoka nyumbani kwangu, kwa sababu langu lilikuwa kubwa. Wakalijaza maji, wakatia majani. Nilikaa juu ya kigoda katikati ya uwanja, watu wa ukoo wote wamezunguka, sufuria za wali na nyama zikitoa mvuke kando. Alikuja mwenyewe, ingawa kuosha ni kazi ya wanawake, akasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alimpenda mdogo wake, na hilo silikatai.

"Shemeji, Matiasi hayuko tena. Hakuna kitu cha kuogopa. Taja, tukuoshe, twende zetu."

Mama mkwe wangu alisema taratibu, "Taja, mwanangu. Watu wana njaa."

Nilisema, "Hakuna jina, Papa Silivesta. Halikuwako hapo mbele na leo haliko."

Akainama, akashika beseni kwa mikono miwili, akalipindua. Maji yalikuja mpaka kwenye miguu yangu pamoja na majani, yakapita, yakaingia mchangani. Akaenda kukaa, mtu mmoja akasali sala ya chakula, wakaanza kupakua. Nilikaa kidogo. Hakuna aliyeniletea sahani na hakuna aliyenifukuza. Nikasimama, nikaliokota beseni, kwa sababu lilikuwa langu, nikapita nalo katikati ya watu waliokuwa wakila, nikaenda nyumbani.